Kigoda cha Kupandia Pikapu

Kanyakine, Jumapili

Mama Mwendwa,

Huku mvua imenyesha mpaka ng'ombe wanateleza, lakini pikapu sasa ina matairi makubwa! Leo imepanda kilima cha kanisani bila mtu kushuka kusukuma. Shida ni kona: matairi yanakwaruza madigadi, basi nageuzia uwanjani kwa mchungaji, naye anadhani nimekuja kwa maombi.

Najua siku ile ulisukuma mpaka gauni lako la kanisani likajaa matope, ukaenda zako kwa dada yako Embu.

Pikapu imeinuka sana, kwa hiyo nimechonga kigoda cha kupandia. Mama yangu alitaka kukikanyaga, akauliza ni cha nani. Nilipomwambia ni chako, alikisogeza kando, akapanda kwa magoti.

Msalimie Mwendwa. Kigoda bado hakijakanyagwa.

Wako,
Bundi