Pumzi ya Butoyi

Kasulu,
21 Septemba 2014

Kwa mama yangu mpenzi, Mama Bukuru,
Murungu, Kibondo.

Mwakeye, mama. Nakuamkia kwa magoti na makofi kama ulivyotufundisha, ingawa hapa anayeniona ni paka wa mama mwenye nyumba tu, naye ananishangaa. Goti lako limepoa? Baba anaendeleaje na kile kikohozi? Tumesikia mvua zimewahi huko kwenu, nasi tunaomba zisiharibu mahindi ya watu. Huku Kasulu lile vumbi jekundu limeshakuwa tope. Sisi ni wazima. Bukuru mzima, mimi mzima, hakuna aliyenenepa kumzidi mwenzake, kwa hiyo usianze kutupima.

Neno nililonalo nisingeliweza kulisema kwenye simu ya kaka Venanti, maana ile simu ukiongea nyumba tatu wanasikia. Ndiyo maana nimeandika barua hii na kumpa Nurudini, yule dereva wa lori la chumvi. Nimemsisitizia akupe mkononi. Tafadhali mama, kaa chini kwanza, uisome yote, ndipo ukasirike.

Unakumbuka Krismasi nilipokuambia kwamba ualimu haumo moyoni mwangu, nataka kuhamia uuguzi. Ulikataa. Ulisema mapacha hawagawanywi, na kwamba ukimpa mmoja kitu ukamnyima mwenzake, mmoja ataugua na pengine atakufa. Mama, tangu tuzaliwe umeishi hivyo. Gauni moja haliingii nyumbani bila la pili. Bukuru akichapwa, na mimi nachapwa, hata kama nilikuwa kisimani. Nilipougua malaria Bukuru naye alimezeshwa dawa chungu, mzima kabisa, masikio yakamvuma siku mbili. Na siku ya kuomba vyuo ukasimama nyuma yetu, tukajaza kozi ileile ya ualimu wa baiolojia na kemia, chuo kilekile cha Dodoma. Yeye alikuwa anaitaka. Mimi nilijaza kwa kuogopa nisije nikamuua dada yangu.

Tena kulikuwa na hofu ya pili, ambayo hata baba aliitaja. Sisi tunasoma kwa mkopo wa serikali. Pale chuoni kila mwanafunzi atakuambia kwamba ukihama kozi tu, mkopo unakufa. Basi nikajinyamazia. Bila mkopo mimi ni wa kurudi Murungu kulima mihogo, na wewe ungebaki na pacha mmoja msomi na mmoja wa shambani. Nani angethubutu kukuletea balaa hilo?

Hapo ndipo nilipokuwa tulipoletwa Kasulu kwa mazoezi ya kufundisha. Tumepanga chumba kwa Bi Kuruthumu, mwenye duka la vitenge karibu na msikiti, mama mkali lakini mwenye huruma, asili yake Ujiji. Mkwewe, Swaumu, alikuwa mja mzito na mumewe yuko Manyovu kwa biashara. Jumamosi moja asubuhi uchungu ukamshika, Bi Kuruthumu akachanganyikiwa, mara anatafuta kanga, mara anatafuta funguo za duka. Bukuru alikuwa shuleni anasahihisha mitihani. Nikambeba Swaumu mimi kwenye bajaji mpaka hospitali.

Mama, leba siku hiyo kulikuwa na mkunga mmoja tu, Sista Theodosia, na wazazi walikuwa wengi. Nilitaka kutoka nje kama ndugu wengine. Akaniuliza kama naogopa damu. Nikasema sijui. Akaniambia ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, nisimame pale atakaponielekeza, nisizimie.

Sijui nikuandikieje nilichokiona. Wewe umekipitia, lakini umekipitia kwa upande wa maumivu, hukukiona. Kichwa kilitokea, kikageuka chenyewe polepole, kama mtu anayechungulia mlangoni kuuliza wenyeji wapo. Mwili wote ukanisisimka. Akatoka mtoto wa kike, akalia kwa hasira, nikapewa mimi nimfunike kwa kanga. Mama yangu we! Alikuwa wa moto, alikuwa ananuka kitu ambacho sijapata kunusa popote. Machozi yalinitoka bila kulia. Ndipo Sista akaweka mkono juu ya tumbo la Swaumu, akacheka, akasema bado kuna mwingine.

Nilihisi dunia imesimama. Mapacha! Nami nimembeba Bukuru wao, wa kwanza, mikononi, analia, na Butoyi wao, wa pili kama mimi, bado yuko gizani. Tukangoja. Yule wa kwanza alikuwa ameshanyamaza, anaangalia taa, wakati mwenzake anatoka. Naye akatoka kimya. Mweusi wa bluu, mikono imelegea, hana sauti. Mimi, mtoto wako uliyenilea, nikafanya kile ambacho wewe ungekifanya. Nikamkimbiza yule wa kwanza nimlaze karibu na mwenzake, ili waanze pamoja, ili asiachwe. Sista Theodosia akanizuia kwa kiwiko. Hakunifokea. Alisema niondoke na huyo, hawezi kumvutia mwenzake pumzi, mwenzake pumzi yake ataivuta mwenyewe.

Akamfuta mdomo, akamsugua mgongo kwa nguvu, akampulizia kwa kile kipira chao. Swaumu anauliza mbona halii, mbona halii. Na mimi nasimama pale nikisali kwa Kiha, Kiswahili chote kimenitoka. Halafu kile kifua kidogo kikanyanyuka. Chenyewe, mama. Rangi ikaanza kubadilika kuanzia kifuani, ikapanda usoni, ikashuka mikononi mpaka kwenye vidole, nikiona kwa macho yangu haya. Akalia kasauti kembamba, tofauti kabisa na kilio cha dada yake. Nilipiga magoti palepale sakafuni. Sijawahi kuogopa hivyo na kufurahi hivyo kwa wakati mmoja, na mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Jioni nilimweleza Bukuru kila kitu, nikamwambia pia kwamba sasa nimejua, sitaweza kufundisha kemia maisha yangu yote. Alinisikiliza, akaendelea kumenya viazi. Aliniambia tu niombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, niende Dodoma nikamwone afisa mikopo, badala ya kuwasikiliza wanafunzi. Nikaenda.

Afisa mikopo wetu ni Bwana Pasikali. Nilipoingia tu, kabla sijasalimia, akavua miwani na kuniuliza nimerudia nini tena, maana tangu Mei amekwisha kunieleza yote. Nikamwambia sijawahi kukanyaga ofisini kwake. Akaudhika, akadhani namfanyia mzaha. Akauliza, kwani si mimi niliyekaa kwenye kiti hicho, nikamuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa, kama mwanafunzi akihamia uuguzi mkopo wake utamfuata? Ikabidi nimwambie kwamba tuko wawili. Akaniangalia, akaangalia mlango kama anamngojea wa pili, halafu akacheka mpaka akashika meza.

Ni Bukuru, mama. Alikwenda miezi mitatu kabla sijaona mtoto yeyote akizaliwa. Alijua. Nilikuwa nadhani nimemficha kwamba bado nautaka uuguzi, kumbe pacha wangu ananisoma kila siku tukila. Bwana Pasikali akanieleza tena, taratibu, kwamba mkopo haufi kwa kuhama, unakufa kwa kuhama kimyakimya. Chuo unachotoka kiridhie, chuo unachokwenda kikubali kwamba nafasi ipo na masomo yako yanafaa, kozi yenyewe iwe miongoni mwa zinazokopeshwa, na Bodi ya Mikopo ijulishwe kabla masomo hayajaanza. Akanisaidia kila hatua. Mwaka wa mwisho tu ndio hana uhakika nao, kwa sababu uuguzi ni mrefu kuliko ualimu, na hilo sikufichi.

Niliporudi Kasulu nilimuuliza Bukuru kwa nini hakuniambia. Na sasa, mama, nakuomba ukaze moyo. Alisema alikuwa anangoja niseme mwenyewe, asionekane ananifukuza. Halafu akasema, macho chini, kwamba na yeye amechoka. Kwamba ananipenda kuliko nafsi yake, ila hajawahi kujua kama ualimu anaupenda au anaupenda kwa sababu tuko wawili, na angetaka kuamka asubuhi moja ajue. Tulilia sana siku hiyo. Mimi nilikuwa naogopa nisimuue yeye, naye alikuwa anaogopa asiniue mimi, na hakuna aliyekuwa anaumwa.

Majibu yalikuja Alhamisi. Chuo cha Mwanza kimenipokea, na mkopo unanifuata. Nimeshakubali, mama. Sikuandika kuomba ruhusa. Nimeandika kuomba baraka zako, na najua ni vitu viwili. Sikudharau ulichotufanyia. Ulitulinda kwa njia uliyoijua na wote wawili tuko hai, nami nakushukuru mpaka nitakapokufa.

Jumatano ijayo napanda basi la Mwanza. Bukuru anabaki hapa kumalizia alama za wanafunzi wake. Sitapitia nyumbani, kwa sababu nikilala kwako hata usiku mmoja nikakuona unalia, sitatoka tena. Lakini basi linapita Kibondo, linasimama stendi kuchukua abiria kama saa nne asubuhi hivi. Nakuomba uje.

Msalimie baba, mwambie dawa aimalize hata kikohozi kikinyamaza. Msalimie kaka Venanti na shemeji Uwimana, na majirani wote watakaouliza. Bi Kuruthumu anakusalimu sana. Anasema wajukuu zake wananyonya kwa zamu na wanagombana.

Basi likisimama nitashuka, mama, hata kama kondakta atanifokea. Utamwona mmoja tu anashuka. Usimtafute mwenzangu nyuma yangu, nikumbatie mimi. Na kama hutakuwapo, nitapanda tena, nitalia mpaka Nyakanazi, ila nitafika.

Mwanao,
Butoyi