Ili Picha Isigande

Bigwa,
S.L.P. 1874,
Morogoro.
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Asia,

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia ukoo wetu wote, walioko Kigoma na walioko kwingineko, kwamba Jumatano iliyopita skrubu kumi na moja zilifunguliwa nyumbani kwangu, na skrubu kumi zikarudi mahali pake. Ya kumi na moja bado inatafutwa.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, marahaba. Hujambo? Shemeji Hamimu hajambo? Goti lake linasemaje? Mimi mzima, ila kikohozi kidogo cha baridi, maana mwezi huu mlima unajifunika ukungu hadi saa nne, na jua likitoka linatoka kama limelazimishwa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikikupigia simu anapokea mjukuu wako na kusema, "Bibi anaswali." Saa tatu asubuhi, bibi anaswali. Saa tano, bibi anaswali. Kwa mwendo huo, mdogo wangu, sisi wengine tunaweza kupumzika, umeshatuombea.

Sasa habari za wifi yako. Mama Shadia alikwenda Mwanza kumhudumia Shadia alipojifungua. Aliaga siku arobaini. Hiyo ilikuwa Julai ya mwaka jana. Mtoto sasa ana meno sita na anatembea kwa kushika kuta. Sina ugomvi na mtoto. Jirani yangu, mwalimu Magreth, kila akipita huniuliza, "Mama bado?" Nami humjibu, "Yuko njiani." Namjibu hivyo tangu Februari. Njia ya Mwanza ni ndefu.

Huwa tunaonana kila Jumapili kwa kompyuta, ile laptop aliyoiacha Shadia alipomaliza chuo, maana simu yangu ni kitochi, haina macho. Nimeshamuuliza mara mbili, "Utarudi lini?" Mara ya kwanza picha iliganda, mdomo wake ukiwa wazi. Mara ya pili iliganda akiwa ametazama pembeni, nikakaa na shavu lake la kushoto dakika kumi nzima. Sikujua iliyokwama ni mashine au ni yeye. Ndipo nikaamua kuiondoa mashine kwenye orodha ya washukiwa.

Nilijifunza kwa video. Kuna bwana mmoja mtandaoni, uso wake sijawahi kuuona, ni mikono tu, anafungua laptop kama mtu anayemenya chungwa. Nikaenda mjini kwa fundi Godlisten, nikanunua RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, mara mbili ya iliyokuwemo, na diski mpya isiyozunguka badala ya ile ya zamani iliyokuwa inakoroma. Godlisten akataka kunifungia mwenyewe, nikakataa. Miaka ishirini na saba nilikaa stoo ya kiwanda nikiwakabidhi wenzangu bisibisi. Na mimi nilitaka kuitumia.

Basi nikatandika mkeka sebuleni, skrubu nikazipanga kwenye sinia kwa jinsi zilivyotoka. Nikachomeka, nikafunga, nikawasha. Kioo cheusi, na milio mitatu, kama kifaranga aliyeachwa na mama yake. Nikazima, nikawasha tena. Milio mitatu. Kwa jinsi nilivyo siku hizi, Asia, nilikaribia kuijibu.

Alhamisi nikampelekea Godlisten bila kumtazama usoni. "Mzee Mwinshehe," akasema, "hii RAM umeiegesha tu. Uliionea huruma?" Akaibana kwa vidole gumba, ikalia tak, mashine ikawaka. Kisha akafungua feni, akaanza kuvuta vitu kwa kibanio: nyuzi za kijani, nyuzi za njano, hadi likatoka fundo la ukubwa wa kete ya bao. "Mzee, humu mlikuwa mnafuga kondoo?" Wateja wakacheka. Nami nikacheka nao, kwa adabu.

Unamjua wifi yako na sindano ya kufuma. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, mtungi una kitambaa, na laptop aliifumia kava ya kijani na njano isipate vumbi. Tangu aondoke sikuwahi kuivua, ila hiyo Jumatano ya skrubu, nami nikairudishia hapo hapo. Nilikuwa naiwasha ikiwa imevaa, nimefunua kioo na vitufe tu, na feni ikawa inavuta nyuzi mwezi baada ya mwezi. "Hiyo ivue, mzee," Godlisten akaniambia, "mashine nayo inapumua." Nimeivua, nimeifua, nimeianika. Sasa kuna kitu kimoja humu ndani kilicho uchi, na kila nikiingia jicho langu linakwenda hapo hapo.

Kompyuta inawaka kabla sijameza funda la chai. Zamani nilikuwa nabonyeza, nakwenda kuchemsha maji, nakunywa, nasuuza kikombe, narudi naikuta bado inafikiri. Nikiri kwamba kusubiri kule kulikuwa kunanijazia asubuhi. Jana na leo hadi saa mbili kila kitu kimekwisha, na siku imebaki nzima.

Kesho ni Jumapili. Nitamuuliza tena. Naogopa, usimwambie mtu. Mashine mbovu ilikuwa na faida yake.

Nimekuwekea kopo la asali ya mlimani. Nikipata mtu wa kuaminika kwenye basi la Kigoma, utaipata. Nikipata wa kawaida, utapata kopo.

Nisalimie shemeji Hamimu na goti lake, mkweo Brenda, na wajukuu wote, hasa huyo mpokea simu. Mwenyezi Mungu auangalie mlango wenu, kila anayetoka arudi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye mtandao ukiwepo na usipokuwepo,

Mwinshehe

Jumapili jioni. Bahasha nilikuwa sijaifunga, naongeza haya. Nimempigia saa kumi. Picha haikuganda hata mara moja. "Baba Shadia," akasema, "mbona leo unaonekana vizuri hivyo?" Nikamwambia nimebadilisha RAM. Akasema hongera. Nikamuuliza. Akajibu kwamba kadi yake ya kliniki ya presha ameihamishia Mwanza tangu Machi.