Unga wa Fadang

Umatac, Guam
12 Machi 1961

Mpendwa mdogo wangu Kandido,

Huku tu wazima, ila tumepungukiwa kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonishikisha kalamu. U hali gani? Mkeo Lourdes na tumbo lake wanaendeleaje?

Jumapili Baba alipiga magoti kupokea komunyo, na hakuinuka. Padri akapita, watu wakarudi kwenye viti vyao, yeye yupo pale pale. Vijana wakaanza kucheka, eti mzee ana dhambi za foleni. Nikaenda kumshika kwapani. Akaninong'oneza, "Miguu imenisikia, lakini imekataa." Akacheka mwenyewe. Hata mimi nikacheka.

Tulipofika nyumbani, shangazi Bisenta akasema bila kuzunguka kwamba hiyo ni bodig, maana kwa kaka yao mkubwa ilianza vivyo hivyo, hadi ikammaliza mwili na akili. Mama akampokonya sahani akiwa bado anakula. Unamjua Mama; kwetu mgeni hanyang'anywi sahani. Tangu hapo neno hilo halitamkwi ndani. Lakini kila Baba akichukua kikombe, sote tunautazama mkono wake, na yeye anatuona tukitazama.

Tuombee huko uliko.

Dada yako,
Engrasia


San Diego
30 Aprili 1961

Dada Engrasia,

Barua yako imenikuta salama, kazi za jeshi la majini ni zile zile. Wabusu Baba na Mama mikono kwa niaba yangu. Lourdes anatapika kila asubuhi na anataka embe mbichi, ambazo hapa sizioni.

Nimezungumza na daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi Guam. Anasema hakuna ajuaye bodig inaanzia wapi. Wengine wanasema damu ya ukoo, wengine maji, wengine chakula. Ila wanautilia shaka sana unga wa mbegu za fadang, ule mti wetu wenye sumu. Mwambieni Mama aache kuusaga, dada, hata kwa sikukuu. Mimi niliondoka kijana, na mikate ya huku naamini imenisafisha. Mwanangu hatauonja kamwe.

Mdogo wako,
Kandido


Umatac
20 Januari 1963

Mdogo wangu,

Umekaa kimya mno, hadi habari za binti yako nimezisikia kwa watu. Mungu amkuze. Sisi kimbunga kimetuacha hai, bila paa.

Baba anatembea kwa kukokota, na mate yanamtoka asijue. Mimi ananiita Ana, kwa jina la dada yake aliyekufa kabla ya vita. Upepo ulipovuma alidhani ni Wajapani wamerudi, akatuamuru tuzime moto. Wanaume wawili walimbeba hadi kanisani, mgumu kama ubao.

Kabla ya hapo walikuja madaktari kutoka Amerika. Walimhoji Mama mchana kutwa: wakati wa vita mlikula nini? Mama akaeleza kwamba mchele ulichukuliwa na askari, tukabaki na fadang. Alizikata mbegu, akaziloweka, akamwaga maji na kuweka mengine, tena na tena. Kisha akawapa kuku kwanza. Kuku wakiamka wazima, ndipo nasi tukala. Wale mabwana walisikiliza, wakaandika, wakashukuru. Walipoondoka Mama akaniuliza, "Engrasia, nilikuwa nawalisha, au nilikuwa nawazika?"



Na mama yake mchumba wangu Gregorio amevunja posa. Amesema kwa upole kwamba mwanawe bado mdogo. Gregorio ana mvi, Kandido.

Akili ikimrudia, Baba anakutaja wewe. Njoo.

Dada yako,
Engrasia


San Diego
2 Machi 1963

Dada,

Sisi salama. Binti yetu, Dolores, anakimbia nyumba nzima.

Likizo ninayo. Nikikuambia sina, utajua nakudanganya. Siji kwa sababu naogopa. Juzi kijiko kiliniponyoka, nikakaa jikoni nikiutazama mkono wangu hadi chakula kikapoa. Nikimwona Baba nitajiona mimi. Nawe ondoka huko, dada. Chumba kipo.

Niwie radhi.

Mdogo wako,
Kandido


Umatac
9 Septemba 1963

Kandido,

Baba tumemzika Alhamisi. Mwishoni hata uji ulimshinda kumeza.

Madaktari waliomba ubongo wake wakauchunguze. Wajomba walikataa. Mama akasema, "Wachukue. Wakapate kuniambia kama ni mkono wangu." Waliuchukua, na jibu bado hawajaleta.

Mimi siondoki. Nani atabaki naye? Na usijisumbue kuandika.

Engrasia


San Diego
14 Juni 1979

Dada Engrasia,

Mwandiko huu ni wa Dolores, kwa kuwa wangu hausomeki tena. Baada ya miaka yote hii sijui hata pa kuanzia kukujulia hali. U mzima? Mama je? Nambusu mkono.

Ilianza na vifungo vya shati. Kisha mguu wa kulia ukawa unabaki nyuma. Daktari, kijana tu, aliniuliza nilizaliwa wapi. Nilipomtajia Umatac akaweka kalamu chini. Anasema wengi wetu tuliohama imetufuata hivi, kana kwamba ilikuwa imekaa ndani ikingoja. Inaanzia wapi, bado hawajui.

Lourdes analia. Dolores anasoma vitabu. Lakini wewe uliona kwa macho. Niambie kinachofuata, usinifiche.

Mdogo wako,
Kandido


Umatac
3 Julai 1979

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Tulikula unga ule ule, chungu kimoja, na mimi mzima. Nimechoka kujiuliza kwa nini. Hasira niliimaliza zamani. Aibu ya kuandika kwanza ndiyo iliyobaki.

Umeniuliza, nakuambia. Mguu wa pili utafuata. Sauti itapungua. Utajua unachotaka kusema, na mdomo utachelewa. Siku nyingine akili itatoka na kurudi, hadi siku itakapochelewa sana. Nitakulisha, nitakugeuza kitandani. Kazi hiyo naijua.

Mama yu hai, na macho yake yanaona kuliko yangu. Sijamwambia. Aliuliza mbona mwandiko si wako, nikasema umekuwa mkubwa, una karani. Amejivuna kwa kijiji kizima. Akijua ni bodig atarudi kwenye lile swali lake la mbegu na kuku, na sitamtoa huko tena.

Kwa hiyo fanya haraka. Huo mguu tutausingizia ajali ya kazini. Lakini uso hausingiziwi. Uso unafunga, Kandido: watu wanakutania, unacheka moyoni, na usoni hakuonekani kitu. Njoo ungali unaweza kucheka. Umbusu mkono, uketi mezani pake, ule chochote atakachokupikia, na umwombe akuongezee.

Dada yako,
Engrasia