Vidonge vya Fangasi na Sindano ya Ijumaa

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Mbarali
Jumanne, 12/03/2024, saa 4:20 asubuhi

Aliyempa Frida vile vidonge ni mimi, afande. Hilo liandike kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Naitwa Apolonia Kasian Mwinuka, miaka 54, Mkatoliki, elimu darasa la saba, mzaliwa wa Iringa, mkulima wa mpunga Ubaruku. Frida ni binti yangu, miaka 28, mwalimu wa hesabu sekondari. Ukoo mzima hakuna mwingine mwenye digrii, muulize yeyote.

Mwaka juzi madaktari wa Mbeya walimkuta na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, maltipo sklerosisi. Kila Ijumaa anajichoma mwenyewe sindano pajani, wala hakunji uso.

Mnamo tarehe 24/02/2024, Jumamosi, saa 5 asubuhi, nilikwenda duka la dawa Chimala. Frida alikuwa amenisaidia palizi majarubani, ndani ya maji ya mpunga, vidole vya miguu vikaliwa na fangasi. Muuzaji, Shija Nyanda, aliniuliza, "Mama, mgonjwa kuna dawa nyingine anatumia?"

Nikamjibu, "Dawa ya nini? Mwalimu yule, hamezi hata panado."

Akarudia kuuliza. Nikamwambia, "We Shija, unanipima akili?" Akacheka, akanipa vidonge vya wiki mbili.

Sikumdanganya. Kwetu dawa ni ya kumeza. Ya kuchoma ni sindano. Lakini nyumbani Frida naye aliniuliza, "Mama, dukani umewaambia sindano ninayojichoma?" Nikasema, "Meza, nimeuliza kila kitu." Hapo nilidanganya.

Tarehe 10/03/2024, Jumapili, saa 1 asubuhi, nilimwona macho yamekuwa ya manjano kama binzari. Tukampeleka Mbeya. Daktari akasema sindano ile inaweza kulisumbua ini, na vidonge vile navyo vinalielemea. Sindano wameisimamisha.

Kaka yangu Danieli akaja hapa kusema Shija ameuza sumu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikanyamaza. Shija yuko mahabusu tangu jana, na aliniuliza mara mbili.

Naogopa, afande. Frida ameniuliza kitandani, "Mama, huyo kijana hakukuuliza kitu?" Nikajifanya namkunjia shuka.

Nimesomewa, ni maneno yangu mwenyewe, na Danieli naye asomewe.

Sahihi: A. K. Mwinuka

Imeandikwa nami, Koplo Sedekia. Shahidi amesaini bila kushurutishwa. Ameomba kurudi Mbeya leo amwambie binti yake ukweli kabla hajausikia kwa watu. Daktari ameita ndugu wote wodini kusikia majibu ya ini: Ijumaa, tarehe 15/03/2024.