Leya ya Makaburi

Mtae, Lushoto
Jumapili jioni, mwezi wa saba

Baba Neema wangu,

Leo nimetoka kanisani nikaja moja kwa moja kwenye meza yako, sikubadili hata kitenge. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka kupewa pole, nimechoka kuitikia, na ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi. Lakini mafundi wa bomba wanakuja Alhamisi, na bomba kwenye mchoro wako linapita pasipostahili.

Kamati ya maji ilikupa kazi ile kwa sababu wewe ndiye ulikuwa na kompyuta. Ulitembea na mwenyekiti kutoka kwenye chanzo hadi kitongoji cha bondeni, ukarudi na viatu vimejaa tope, ukakaa hapa kuchora. Nikileta chai nilikuwa nasimama nyuma yako kukuangalia. Unabofya alama ya jicho, nyumba zote za kijiji zinatoweka.

"Umezipeleka wapi?" niliuliza siku ya kwanza.

"Zipo, nimezificha tu. Kila kitu kina leya yake. Nyumba leya yake, njia leya yake, bomba leya yake. Kama karatasi za nailoni nilizozipanga moja juu ya nyingine."

"Usumbufu mtupu. Si uchore vyote pamoja?"

"Mama Neema, ukipika maharage na chai sufuria moja, utakunywa nini?"

"Nitakunywesha wewe. Mimi nitakunywa kwa jirani."

Ulicheka mpaka chai ikamwagika.

Ulinifundisha kidogo kidogo, siku za mvua ambazo shamba halikuendeka. Uliniambia kabla ya kusogeza kitu nifunge kwa alama ya kufuli leya zote nisizotaka ziguswe. Nilikuwa nasahau. Navuta njia, na nyumba ya mchungaji inaondoka nayo hadi msituni. "Umeshamhamisha mchungaji," ulisema, "sasa nani atatubatizia wajukuu?"

Leya uliyoichora kwa uangalifu kuliko zote ni ya makaburi. Sisi tunazikana nyumbani, pembeni ya shamba, na msalaba wa mti ukishaoza mgeni hawezi kujua kuna mtu pale. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiuliza nani amelala wapi. Hapa kwetu ulimchora baba yako chini ya mpeasi, ukapitisha bomba kando yake, upande wa korongo, kwa kuwa pale palikuwa wazi.

Pale palipokuwa wazi ndipo tulipokulaza. Wazee hawakujadili sana, wakasema mtoto alale kando ya baba yake, nami nikaitikia. Hukujiachia nafasi, Baba Neema. Wote uliwaachia, wewe hukujiachia.

Ijumaa mwenyekiti alikuja kuuchukua mchoro. "Shemeji, hawa mafundi wanatoka Tanga," alisema. "Hawamjui mtu hapa. Wanajua karatasi." Nikamwonyesha mstari unavyopita. Akavua kofia, akakaa.

"Watakapofika wataona kaburi jipya, watakwepa," alisema baadaye.

"Wakwepe waende wapi, shemeji? Chini ni korongo."

Akawa anatazama dirishani, upande wa juu wa mpeasi, kwenye tuta langu la karoti.

"Sema tu," nikamwambia. "Macho yako yameshasema."

"Sikutaka niwe mimi wa kulitamka," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu aliyekosa. Unamjua rafiki yako. Chai niliyompa hakuimaliza.

Basi leo nimekaa kwenye kiti chako. Nimekuchorea mstatili mdogo, saizi ile ile ya kaburi la baba yako. Kisha nikaanza kuvuta bomba kulipandisha upande wa juu wa mpeasi, na kaburi lako likaondoka nalo, likaenda kutua katikati ya karoti. Nilikuwa nimekuchora kwenye leya ya bomba. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, halafu nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri useme kitu.

Nikakuondoa pale nikakuweka kwenye leya ya makaburi, kando ya baba. Nikaifunga leya hiyo kwa kufuli. Nikavuta bomba tena taratibu, likapanda, likapita kwenye karoti, likashuka mbele ya nyumba hadi bondeni. Nyinyi wawili hamkutikisika. Jumatano nitazing'oa karoti zangu. Zitakuwa bado ndogo, nitazila hivyo hivyo, na zitakazobaki nitampa mwenyekiti, maana najua anaona haya kupita hapa.

Watu wa bondeni watapata maji yao. Nitafurahi, nadhani, nikishapumzika. Sasa mgongo unauma na moto jikoni sijawasha.

Kuna jambo moja sikumwambia mwenyekiti. Mstari ungeweza kupita karibu zaidi na wewe, na nusu ya karoti ingepona. Nimeusogeza mbali makusudi. Kando yako nimeacha upana wa mtu mmoja.

Mpaka nitakapokuja, usinisahau.

Mkeo,
Mama Neema