Kaka Aliyeandikwa Mdogo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uniharakishie kama unaweza, maana kaka yangu anapasuliwa moyo Alhamisi ya wiki ijayo na hatuongei, na kosa ni langu mimi, yaani ni la mdomo wangu huu uliozoea kusema kabla sijauruhusu.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini, na mwaka ule serikali ilipopinduliwa nilikuwa na kumi na nne na kaka alikuwa na kumi na saba, yuko kidato cha tatu, ana vindevu vitatu kidevuni na anavipaka mafuta kila asubuhi mbele ya kioo, basi haukupita mwezi, wenye bunduki wakaanza kupita nyumba kwa nyumba kuchukua wavulana wote wa kuanzia miaka kumi na sita, wakawapiganie, na mama yetu, naye alikuwa fundi kama nilivyo leo, hakupiga kelele wala hakulia, alikwenda kwa karani mmoja ambaye mama ndiye aliyekuwa akimshonea mkewe magauni, akarudi na cheti kipya cha kuzaliwa kinachosema kaka ana miaka kumi na mitatu, halafu akachukua suruali zake mbili za shule akazikata juu ya magoti, akazipinda, mchana huohuo zikawa kaptula, na kaka amesimama pale machozi yanamlengalenga na mama anamwambia, "Simama wima mwanangu, nisije nikakuchoma sindano."

Kaka akarudishwa darasa la saba, magoti yanagonga dawati, akakatazwa kufungua mdomo mbele ya watu kwa sababu sauti ilikwisha kuwa nzito, na vile vindevu mama akawa anaving'oa kimoja kimoja kwa kibanio, kaka anapiga chafya mfululizo mpaka tunacheka sote. Mimi nikakabidhiwa ukubwa. Mama alinishika masikio yote mawili akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye dada, yeye ni mdogo wako. Siku utakayomwita kaka, hata humu ndani, hata kwa utani, ndiyo siku watakayomchukua." Nilimwamini, mshauri. Walikuja mara tatu, na mara zote tatu ni mimi niliyefungua mlango, na ile mara ya pili mmoja wao alipomkazia macho kaka nikasema, "Huyo mdogo wangu msimwone mrefu, ni kikojozi mpaka leo," wakacheka wakaenda zao, ila binti wa jirani aliyekuwa akimpenda kaka alikuwa dirishani akasikia, na hapo mapenzi yakaishia. Katika darasa lake la kidato cha tatu walichukuliwa wavulana tisa. Walirudi wawili.

Vurugu zikaisha, lakini yule karani hakuonekana tena na kila karatasi iliyofuata ikaifuata ile ya kwanza, kwa hiyo mpaka leo kaka kwa kitambulisho ana arobaini na tisa na mimi ndiye mkubwa wake. Nikiri tu, ukubwa ni mtamu. Mimi ndiye niliyemtafutia fundi wa kumfundisha useremala, mimi nikamsimamia harusi, wanawe wananiita shangazi mkubwa na wanaamini hivyo kabisa, na yeye ananiita dada na kunisikiliza, hajawahi kulalamika hata siku moja. Mama alifariki mwaka juzi bila kuniambia kwamba sasa basi.

Tumekwenda hospitali juzijuzi kujaza karatasi za upasuaji, daktari akauliza umri, kaka akavuta pumzi akasema, "Hamsini na tatu," na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia hapo hapo, "Arobaini na tisa, daktari, mimi ndiye mkubwa wake, niulize mimi," daktari akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaangalia kitambulisho, akaandika arobaini na tisa. Tulipofika nje kwenye korido kaka akageuka akaniambia, "Ulinificha, ukaniokoa, na sijawahi kukushukuru, basi ahsante. Lakini naingia mle ndani na sijui kama nitatoka. Niite kaka. Mara moja tu." Mshauri, nilifungua mdomo na neno halikutoka, kilichotoka ni, "Tafuta kiti ukae, mdogo wangu, umesimama sana." Akaondoka peke yake. Leo siku ya tano, amejifungia karakana anapiga randa tu, nikipiga simu anapokea mkewe.

Si kwamba sitaki. Najaribu nikiwa peke yangu kwenye cherehani, koo linajifunga. Naogopa nikimwita tu watamchukua, na safari hii si wenye bunduki. Nifanye nini?

Ni mimi,
Dada Mkubwa wa Karatasi

*

Mdogo wangu,

Nimekuita hivyo makusudi, anza kuzoea. Na barua yako nimeipandisha juu ya barua za wenye wivu wote na wenye mawifi wote ili itoke Jumapili hii, kwa hiyo na wewe usiniangushe.

Kwanza nikugombeze, nikimaliza nitakuwa na roho nyepesi. Hivi ulifikiri nini kumdakia mgonjwa mbele ya daktari wake? Mtu anakwenda kulazwa usingizi na kufunguliwa kifua, wewe unampunguzia miaka minne kana kwamba unampunguzia suruali kiunoni! Kesho asubuhi mpigie mkewe simu, rudini wote watatu kwa yule daktari, na ukifika pale keti, shika mkoba wako kwa mikono miwili, na ufunge mdomo. Akiulizwa yeye, ajibu yeye. Habari za kitambulisho mtatafuta wakili akishapona, zimesubiri miaka thelathini na sita, hazitakufa kwa mwezi mmoja.

Na hiyo ya kikojozi utamwomba msamaha. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuniuliza kuna nini, lakini utamwomba.

Sasa njoo karibu. Umenieleza kwa kirefu jinsi kaka yako alivyovuliwa utu uzima akavikwa kaptula, na ni kweli, pole yake. Lakini katika barua nzima hukusema hata mara moja kwamba na wewe ulikuwa mtoto. Nani alikubembeleza wewe? Nani alisimama mbele yako pale mlangoni? Kumi na nne, mama yangu, mbele ya bunduki, na ukapata akili ya kufanya mzaha! Wasichana wenzako walikuwa wanagombania riboni. Kaka yako alinyang'anywa miaka minne, wewe ulinyang'anywa kuwa mdogo wa mtu, na hakuna karani aliyeliandika hilo popote. Nafikiri analijua. Nafikiri hakukuomba umwite kaka kwa ajili ya cheo. Anataka kuwa mkubwa wako japo kwa dakika moja, akutulize, kabla hajaingia mle ndani.

Mama yako alifanya alichofanya na akashinda, mwanawe yuko hai anapiga randa. Lakini alikufunga na hakuwahi kukufungua. Basi mimi ni mzee wa kutosha, nakufungua mimi: wale watu hawaji tena. Wamekwisha kuondoka siku nyingi. Moyo wa kaka yako ni mgonjwa kwa sababu mioyo huugua, si kwa sababu ya neno lako, na likitokea la kutokea Alhamisi halitakuwa kwa sababu ulimwita. Umenisikia?

Koo linajifunga, sawa. Wewe ni fundi, pale pagumu hupalazimishi, unazungukia upande wa pili. Angalia barua yako. Ukimzungumzia na mimi ni kaka, kaka, kaka, tangu juu hadi chini, mpaka kwenye ile sentensi ya kwanza kabisa. Mkono wako unamwita bila taabu yoyote. Kwa hiyo leo hii, ukishamaliza kunisoma, chukua gazeti hili uende karakana. Usipige simu. Usibishe hodi sana, ingia, mwambie aweke randa chini akae. Msomee barua yako mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, usiruke kitu. Ulimi utakwama mara ya kwanza. Ukikwama usikimbie, rudia sentensi. Ukifika mwisho utakuwa umemwita mara nyingi kuliko alivyoomba, na utaona hakuna aliyegonga mlango.

Jumatatu kata kitambaa, mshonee suruali ya kutokea hospitali. Ndefu, mpaka kwenye viatu.

Na leo ukimaliza kusoma usianze kupanga mambo, nakujua. Kaa kimya. Mwache yeye aseme. Na akikutuma maji ya kunywa, inuka ukamletee.