Kitambulisho Hakibaki Mlangoni

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi baridi na manyunyu.

Laini mbili zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu bila mimi kujua zimefungwa, na polisi nimewaripotia. Lakini zilishatumiwa kutapeli watu kwa jina langu, kwa hivyo leo nilienda mjini kumwona wakili.

Mlangoni pa jengo la ofisi yake mlinzi akanyoosha mkono. "Mathe, acha kitambulisho, utachukua ukitoka."

"Kisome, unirudishie."

"Kwani una siri gani? Kila mtu anaacha."

Kweli, vitambulisho vilirundikana kwenye kopo wazi kama maganda ya njugu. Hapo tapeli hata hahitaji ujanja.

Nikampigia wakili. Akashuka akicheka. "Si ungeacha tu, mama?"

Huyo ndiye wa kulitetea jina langu. Nikarudi zangu nyumbani, mtaa wa Satellite. Kesho natafuta wakili mwenye akili.

Nalala saa tano na nusu.